Upepo na Bei ya Omena Malaba

Sokoni Malaba, mnunuzi anayejua omena huchota kiganja, akapepeta, kisha akatazama mchanga uliobaki mkononi. Zilizoanikwa juu ya nyavu hazina mchanga, na bei yake haipunguzwi ovyo. Baada ya hapo huuliza mbona gorogoro imepanda tena. Mama muuzaji atamjibu kwamba mwezi umekuwa mpevu, maana omena huvuliwa usiku kwa taa na mbalamwezi huzishinda taa. Au kwamba serikali imefunga uvuvi wake, kama inavyofanya Aprili hadi Julai. Majibu yote mawili ni ya kweli. Sababu nyingine imo ndani ya maji yenyewe, huko Sio Port na Port Victoria, ufuoni mwa Ziwa Victoria.

Kwa ukubwa wake, Ziwa Victoria halina kina kirefu. Penye kina zaidi ni mita 80 hivi. Kuanzia Septemba jua hupasha maji ya juu, yakawa mepesi na kukaa juu ya yale ya baridi kama mafuta juu ya mchuzi. Tofauti ya joto ni nyuzi chache tu, lakini katika nchi zetu za joto inatosha kuyatenga maji hayo. Mwani uliokufa huzama na kuoza, na kuoza huko hula oksijeni, huku hewa ya juu ikishindwa kushuka. Miezi ikipita, maji ya chini hubaki karibu bila hewa kabisa. Mbuta, anayehitaji oksijeni nyingi, hulazimika kupanda, na samaki husongamana katika maji machache ya juu.

Kisha huja kusi, upepo ule ule ambao wavuvi wa Unguja na Pemba hupangia safari zao. Kati ya Juni na Agosti hupoza uso wa ziwa, maji ya juu yakawa mazito na kuzama, ziwa zima likakorogeka. Rutuba iliyokuwa imelala chini hupanda na kulisha mwani, mwani ukalisha vidudu vya majini, na vidudu hivyo ndivyo chakula cha omena; omena zikiadimika, bei ya gorogoro hupanda.

Mzunguko huu ulipimwa na mtafiti Jack Talling mwaka 1960 na 1961, akifanya kazi kutoka Jinja. Miaka 30 baadaye mtafiti Robert Hecky na wenzake walikuta mwani umeongezeka sana na maji yasiyo na hewa yameenea zaidi, hadi sehemu zisizo na kina kirefu. Fosforasi ya mashambani na ya maji taka ilikuwa imelirutubisha ziwa kupita kiasi. Nzoia na Sio, mito yetu wenyewe, humwaga udongo na mbolea humo kila msimu wa mvua.

Bahari nayo ina tabaka zake. Katika El Niño ya 1997 na 1998, magharibi mwa Bahari ya Hindi palipata joto kuliko kawaida na maji ya baridi yenye rutuba yakashuka chini zaidi. Jodari wakatawanyika nje ya uwezo wa nyavu, na meli kubwa zilizozoea kuvua karibu na visiwa vya Shelisheli zikawafuata samaki mashariki mwa bahari. Meli hizo zina mafuta ya kwenda mbali. Mvuvi wa Budalang'i ana boti yake na ufuo wake, basi.

Tukirudi ziwani, mwishoni mwa 2022 samaki wa vizimba walikufa kwa wingi upande wa Kisumu, na watafiti wa taasisi ya uvuvi ya KMFRI wakaeleza kwamba oksijeni majini ilikuwa imepungua mno. Samaki aliye huru huweza kukimbia maji ya aina hiyo. Wa kizimbani hana njia. Kipimo cha oksijeni ni kifaa cha kushikwa mkononi, na kila ufuo wa Busia wenye vizimba unastahili kuwa nacho. Redio zinazotuonya kuhusu mafuriko ya Nzoia zingeweza kuyasoma matokeo yake asubuhi, mwenye vizimba akajua mapema kama ni siku ya kulisha samaki au ya kuwavuna.