Kabla ya kuteremka Soni

Kutoka Lushoto mjini hadi Mombo ni kilomita thelathini na kitu, na ndani ya kilomita hizo barabara inashuka karibu mita 1,000, kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Nilipiga hesabu usiku mmoja usingizi uliponiruka: Land Rover ya tani mbili ikiteremshwa njia yote hiyo kwa breki peke yake, bila msaada wa gia, inatoa joto la kutosha kuchemsha ndoo tatu za maji za lita ishirini. Joto hilo halina pa kwenda isipokuwa kwenye dramu nne za chuma, kila moja na upana wa inchi 11, sawa na sahani ya kulia pilau.

Gari lenyewe lilikuwa la marehemu baba. Ni Land Rover 109, Series III, toleo lililoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1971 na kukoma 1985. Lilikaa miaka tisa chini ya mpeasi, kuku wakitagia kiti cha nyuma. Nilipolifungia betri mpya na kulitia petroli safi, liliwaka siku hiyohiyo kabla ya alasiri, na hapo ndipo nilipodanganyika. Oktoba 2024, Land Rover zilipofurika Arusha kwa tamasha lake, mamia kwa mamia, kuukuu na mpya, nilikuwa nazitazama kwenye simu nikijiapiza kwamba safari nyingine na mimi nitakuwemo.

“Kuwaka si kazi, mwanangu,” aliniambia fundi, Msambaa wa makamo aliyewahi kulihudumia gari hilo enzi za baba. “Kusimama je?”

Breki za gari lililosimama huoza upesi kuliko za gari linalotembea. Mafuta ya breki ya kawaida yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani, polepole, kupitia raba na kifuniko cha chupa yake. Ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia tatu na kitu, kiwango hicho kinashuka hadi 140. Ukiyachemsha kwenye mteremko yanageuka mvuke, na mvuke unabonyea kama sponji. Unakanyaga pedali, inazama, gari linaendelea na safari zake. Ajali za “gari lilifeli breki” tunazosoma kila mwezi, nadhani si chache zilizoanza hivyo, ingawa dereva ndiye anayebebeshwa lawama.

Na maji hayo gari likiwa limesimama hayatulii. Yanakula chuma kwa ndani, mahali jicho halifiki.

Siku ya kwanza ya kazi nilikaribia kuua mtu, na mtu mwenyewe ni mimi. Nilivuta hendibreki mpaka mwisho, nikapiga jeki gurudumu la nyuma la kushoto, nikainama kufungua nati. Gari likaanza kutembea. Taratibu, kama ng'ombe anayejivuta kwenda majini, likateleza kwenye jeki na kutua kwa kishindo shubiri moja kutoka kwenye goti langu. Hendibreki ya Land Rover hizi haishiki magurudumu. Inashika shafti inayotoka kwenye gia boksi kwenda nyuma. Ukinyanyua gurudumu moja la nyuma, difu inaliruhusu lile la hewani lizunguke upande mmoja na la chini lizunguke upande wa pili, shafti yenyewe ikiwa imetulia tuli. Hendibreki inashika vizuri kabisa na gari linaondoka. Fundi hakusema neno. Alikwenda kuokota mawe mawili makubwa, akayapachika mbele na nyuma ya tairi, kisha akaniangalia.

Dramu inashikwa na skrubu tatu tu, na zote tatu zilikuwa zimeganda. Mbili zilikubali baada ya kumwagiwa mafuta ya taa usiku kucha na kugongwa kichwani kwa patasi. Ya tatu tuliitoboa kwa drili. Dramu ya nyuma kulia ilipofunguka, ilitoka na harufu niliyoijua, oili ya difu. Sili ya habu ilikuwa imekufa, na oili ikashuka taratibu kwenye brekishuu mpaka laining ikawa nyeusi na laini kama tende.

Hapa pana mchezo wa mafundi wa barabarani ambao siukubali. Wanaosha laining kwa petroli, wanaiwasha moto mpaka oili itoke moshi, wanaipiga msasa, wanairudisha. Kwa siku tatu inashika. Likipata joto la mteremko, oili iliyojificha ndani inapanda tena juu, gurudumu moja linashika na jingine halishiki, na gari linavutwa upande wa korongo. Laining iliyokunywa oili ni ya kutupa, na mwenzake wa gurudumu la pili naye anatupwa, maana ekseli moja haifai kuwa na breki za umri tofauti. Vumbi la ndani ya dramu nalo usilipulize kwa upepo wa kompresa. Laining za zamani zilitengenezwa kwa asbestosi, ambayo inaharibu mapafu na kusababisha saratani. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kabisa mwaka 2005. Sisi tulilowesha kwa maji na kufuta kwa matambara, tukayafukia.

Wili silinda ziko sita: mbili kwenye kila gurudumu la mbele, moja kwenye kila la nyuma. Fundi alizifungua zote juu ya gunia. Kipimo chake ni ukucha. Alisafisha tundu kwa kitambaa, akapitisha ukucha wa kidole cha shahada ndani, taratibu, kama mtu anayetafuta chawa. Ukucha ukikwama penye kitobo cha kutu, silinda inatupwa. Ukiteleza, inawekwa raba mpya. Nne zilikwama.

“Katika hizo nne, hizi mbili si tuweke raba tu, mzee?” nilimwuliza. Fedha ilikuwa inaniishia.

“Ukiziba kwenye uzima, presha itatafuta kwenye ugonjwa.”

Breki za gari hili ni za njia moja. Hakuna mgawanyo wa mbele na nyuma kama magari ya siku hizi; bomba moja likipasuka popote, magurudumu yote manne yanapoteza breki kwa pamoja.

Nikashuka Dar, Gerezani. Muuza spea alinipa masta silinda ya Land Rover fupi, ya 88, akaapa kwamba ni ileile. Kwa nje zinafanana kama mapacha. Bahati nzuri fundi alikuwa amenipa kijiti chenye alama ya upana wa tundu. Tundu likipungua upana kwa robo, mafuta yanayosukumwa kwa hatua ileile ya mguu yanapungua kwa asilimia 44, na silinda sita zitakufa njaa. Nikarudisha. Hosi za raba nilinunua zote tatu, ingawa za zamani hazikuwa na ufa. Kwa ndani zilikuwa zimevimba: mafuta yanaingia kwa nguvu ya mguu lakini hayarudi, na gurudumu linabaki limeshikwa.

Niliporudi, kutoa upepo kwenye breki kulitumaliza Jumamosi nzima. Fundi alilegeza vikaza vya brekishuu vyote ili springi zirudishe pistoni ndani na hewa ikose pa kujificha, tukaanza na gurudumu la mbali kabisa na masta. Mimi kwenye pedali, yeye chini na mpira mwembamba ndani ya chupa ya jemu. “Kanyaga. Shikilia. Achia.” Mara arobaini, mara hamsini. Mapovu, mapovu, kisha mafuta matupu.

Jumapili tukateremka, gia ya pili, polepole. Soni tukasimama karibu na maporomoko. Fundi alichovya vidole kwenye kikombe cha maji na kunyunyizia kila dramu. Tatu zilikaa kimya. Ya nyuma kushoto ikafanya chssss.

Akatandika gunia chini, akaomba spana, akaingia uvunguni kulegeza kikaza hatua moja. Bodaboda aliyekuwa anapita akapunguza mwendo akauliza kama gari limekufa.

“Linapoa,” sauti ikajibu kutoka chini.

Mimi nilikuwa natafuta jiwe la pili.