Sungura Asiyekula: Saa za Kwanza Baada ya Upasuaji wa Meno

Jioni ya kwanza baada ya upasuaji wa meno, sungura hurudishwa nyumbani ndani ya boksi au kikapu, macho yakiwa bado mazito kwa dawa ya usingizi. Akishawekwa bandani huenda moja kwa moja kwenye kona, akajikunyata na kutulia. Mwenye sungura huuona utulivu ule akaridhika. Ni desturi ya watu kumwacha mgonjwa aliyetoka chumba cha upasuaji alale; chakula atakitaka kesho. Basi taa huzimwa, na bakuli la majani huachwa palepale lilipo. Kwa mbwa, huruma ya namna hiyo haina madhara makubwa. Kwa sungura, usiku mmoja wa kuachwa hivyo unaweza kuwa wa hatari kuliko upasuaji wenyewe.

Sababu yake iko tumboni. Utumbo wa sungura umeumbwa kufanya kazi mchana na usiku bila kusimama, na kinachouendesha ni nyuzinyuzi ndefu za nyasi. Nyasi zikiendelea kuingia, misuli ya utumbo huendelea kusukuma; zikikoma, misuli hulegea. Chakula kilichobaki, pamoja na manyoya aliyoyameza alipokuwa akijilamba, hupoteza maji na kukauka. Bakteria wanaomsaidia kusaga chakula hupungua, na wale wa madhara hupata nafasi ya kuongezeka na kutoa gesi. Gesi huleta maumivu, maumivu humfanya azidi kukataa chakula, na kukataa chakula huongeza gesi. Kutapika hawezi, kwa hiyo kilichokwama hakina njia ya kurudi. Wakati huohuo mwili wenye njaa huanza kuyeyusha mafuta yake na kuyapeleka kwenye ini. Sungura mnene ndiye aliye hatarini zaidi, kwa kuwa ini lake huweza kuzidiwa na mafuta hayo katika muda wa siku chache tu. Ndiyo maana madaktari wa mifugo humhesabu sungura aliyekaa muda wa saa 12 bila kula kuwa mgonjwa wa dharura. Kwa sababu hiyohiyo, sungura hafungishwi usiku kucha kabla ya upasuaji kama afanyiwavyo binadamu.

Lakini kwa nini meno ya sungura yafikie kupasuliwa? Sungura mzima ana meno 28, na yote, ya mbele na magego, hukua maisha yake yote. Meno ya mbele hurefuka kiasi cha milimita 2 au zaidi kila wiki. Porini ukuaji huo hauonekani, kwa kuwa mnyama hushinda akitafuna nyasi ngumu, na jino la juu na la chini husagana yakabaki katika urefu wake. Sungura anayelishwa peleti, karoti na mabaki ya jikoni hushiba upesi bila kutafuna vya kutosha. Magego hayasagani sawasawa, na pembeni mwake huota ncha kali zinazochoma ulimi au shavu. Wengine huzaliwa na taya zisizokutana vizuri, hasa wale wa mbegu zenye nyuso fupi, na kwao hata nyasi bora hazitoshi kuzuia tatizo. Mizizi nayo inaweza kusukumwa ndani ya taya hadi pakatokea jipu, au ikaubana mfereji wa machozi na jicho likawa linatoa majimaji kila siku. Watu wengi hutibu jicho kwa miezi kadhaa kabla mtu hajafikiria kutazama kinywani.

Kazi ya daktari hutofautiana kwa kadiri ya ugonjwa. Kuna kusawazisha magego, jambo linalofanywa mnyama akiwa amelala usingizi wa dawa. Kuna kung'oa meno yote sita ya mbele yasiyokutana. Na kuna kufungua jipu la taya, ambalo kwa sungura ni kazi nzito, kwa sababu usaha wake ni mzito kama jibini na hautoki kwa kukamuliwa. Baadhi ya watu bado huyakata meno ya mbele nyumbani kwa kikatia kucha. Njia hiyo hulipasua jino kwa urefu, mara nyingine hadi kwenye mshipa wa fahamu, na mnyama aliyekuwa na tatizo moja huwa nayo mawili.

Ugumu mkubwa wa kumuuguza sungura ni kwamba hasemi anapoumwa. Sungura wa hadithi, yule anayemlaghai fisi na kumdhihaki simba, kwa hakika ni mnyama wa mbugani, binamu tu wa huyu wa bandani ambaye asili yake ni nchi za Hispania na Ureno. Hata hivyo wote wawili ni mawindo ya wanyama wengine, na windo linaloonyesha udhaifu huliwa kwanza. Kwa hiyo huyu wa bandani naye ana hila yake: huumia kimya, na anayelaghaiwa ni yule anayempenda. Mnyama anayelia kwa maumivu ni rahisi kumhurumia. Huyu huhitaji kusomwa.

Mwaka 2012 watafiti walichapisha kipimo cha kutambua maumivu ya sungura kwa kuutazama uso wake, nacho kina alama tano: macho yanayofumbwa nusu, mashavu yaliyobonyea, pua iliyochongoka, ndevu zilizokakamaa na masikio yaliyokunjwa na kulazwa nyuma. Mlezi hahitaji mafunzo marefu ili kuzitumia, ila inafaa amtazame sungura wake vizuri alipokuwa mzima ili awe na cha kulinganisha. Mgongo uliopinda, tumbo lililokandamizwa sakafuni na meno yanayosagwa kwa sauti ni dalili nyingine. Msago wa taratibu, mithili ya mnong'ono, ambao sungura hutoa anapopapaswa kichwani, ni wa raha na haupaswi kuchanganywa na huo.

Kwa hiyo dawa ya maumivu haina nafasi ya anasa katika matibabu haya. Ndiyo inayofungua njia ya chakula. Daktari hutoa dawa za siku kadhaa, na kosa linalojirudia ni kuziacha siku ya pili kwa kuwa mnyama ameonekana mchangamfu. Uchangamfu ule ni kazi ya dawa. Ikikatizwa, maumivu hurudi, na pamoja nayo kugoma kula.

Kumlisha kwa bomba la sindano, bila sindano yenyewe, ndiko kunakobeba uzito wote wa siku mbili au tatu za mwanzo. Zipo unga maalumu za nyasi zinazochanganywa na maji kwa ajili ya sungura wagonjwa. Pasipopatikana, peleti zake za kawaida hulowekwa katika maji ya vuguvugu, zikasagwa hadi kuwa laini kiasi cha kupita kwenye bomba. Kiasi kinachotajwa na madaktari wengi ni takriban mililita 50 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, zikigawanywa mara nne au tano, ikiwemo mara moja usiku. Sungura wa kilo 2 basi hupata mililita 20 hadi 25 kwa kila mlo. Uji wa mahindi au maziwa, ambavyo jamaa wenye nia njema hushauri haraka, havimfai: wanga na sukari huwalisha bakteria wale wale wanaotoa gesi.

Namna ya kumshika ina umuhimu wake. Uti wa mgongo wa sungura ni mwepesi na miguu yake ya nyuma ina nguvu nyingi. Akirusha teke hewani anaweza kujivunja mgongo mwenyewe. Huviringishwa katika taulo, akaketishwa kwa tumbo juu ya meza au mapajani, wala halazwi chali. Bomba hupitishwa pembeni mwa mdomo, kwenye pengo lililopo kati ya meno ya mbele na magego, likielekezwa upande mwingine wa kinywa badala ya kooni. Nusu mililita husukumwa, kisha mlezi husubiri hadi aone taya zikitafuna na koo likimeza. Anayeharakisha humwingizia chakula mapafuni. Mlo mmoja unaweza kuchukua muda wa nusu saa, na mara mbili za mwanzo nguo za mlezi hula zaidi ya mgonjwa.

Lipo hata hivyo sharti moja la kuzingatiwa kabla ya kila mlo. Tumbo likiwa limevimba na kukaza kama ngoma, mnyama hapaswi kulishwa kwa nguvu, kwa kuwa huenda utumbo umeziba. Hapo ni kumrudisha kwa daktari, hata ikiwa ni usiku wa manane.

Hatari nyingine iko kabatini. Nyumba nyingi huwa na chupa ya amoksilini iliyobaki baada ya mtoto kutibiwa koo, na mzazi anayeona kidonda kinywani mwa sungura hujiuliza kwa nini matone machache yasimfae. Hayamfai hata kidogo. Amoksilini, ampisilini, klindamaisini na linkomaisini, zikipewa sungura kwa mdomo, huua bakteria wema wa utumbo wake na kuwaachia nafasi wale wanaotoa sumu. Kuhara kunaweza kuanza baada ya siku kadhaa, wakati chupa imekwisha kusahauliwa, na aghalabu mnyama hafiki wiki inayofuata. La kushangaza ni kwamba penisilini hutumiwa na madaktari wa mifugo kutibu majipu ya taya za sungura, lakini kwa kuchomwa sindano, ambako dawa haimwagiki utumboni. Dawa ya jamii ileile, kwa njia mbili tofauti, humponya huyu na kumuua yule. Ni mfano unaostahili kukumbukwa pia na wale wanaodhani kwamba dawa ya binadamu ni salama kwa mnyama mradi ipunguzwe.

Banda la mgonjwa litandikwe taulo au magazeti, si maranda, kwa kuwa vumbi la mbao hushika kwenye kidonda. Maji yawekwe kwenye bakuli pana. Kunyonya chupa ya kuning'inia huuma kinywa kilichotoka kukatwa. Mwili uliotoka kwenye usingizi wa dawa hupoteza joto, na chupa ya maji ya vuguvugu iliyofungwa kitambaa humsaidia, ila katika miji ya pwani ambako mchana ni wa joto kali mlezi awe na hadhari zaidi na joto kuliko baridi, maana sungura hana jasho la kumpoza. Ikiwa ana mwenzake waliyezoeana, inafaa wakae pamoja, kwani kutengwa humzidishia hofu na hofu nayo huufunga utumbo.

Nzi hawana budi kutajwa. Sungura aliyechoka hajisafishi, na zile punje laini za kinyesi ambazo kwa kawaida huzila moja kwa moja kutoka mwilini mwake ili kurudisha vitamini na protini hubaki zimegandamana na manyoya. Nzi hutaga hapo, na mabuu huweza kutoka katika muda wa siku moja na kuanza kula ngozi. Sehemu za nyuma zikaguliwe asubuhi na jioni, zifutwe kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu na kukaushwa kabisa. Kidevu nacho, kinacholowa udenda, huhitaji uangalizi uleule.

Mizani ya jikoni ni kifaa bora kuliko jicho. Sungura hupimwa kila siku saa ileile, na tarakimu huandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya banda, pamoja na idadi ya milo, saa ya dawa na kinyesi kilichopatikana. Kinyesi, kwa wiki hiyo, ndicho ripoti ya hospitali. Siku ya kwanza huwa kidogo, chenye punje ndogo, nyeusi na zilizopinda. Punje zikianza kuwa kubwa, za mviringo na kuonyesha nyuzi za nyasi ndani yake zinapovunjwa, utumbo umeamka. Muda wa saa 12 ukipita bila hata punje moja, daktari apigiwe simu.

Chakula cha kujilia mwenyewe huwekwa mbele yake tangu saa ya kwanza, hata kama hakigusi. Majani yenye harufu, kama giligilani na nanaa, mara nyingi ndiyo yanayoamsha hamu. Hukatwakatwa nyembamba, na matembele vilevile. Aliyeng'olewa meno ya mbele hujifunza kuokota chakula kwa midomo, na wengi huishi vizuri kwa miaka, mradi majani mapana yakatwe kwa ajili yake na manyoya yake yachanwe, maana kitana alichokuwa nacho kilikuwa ni hayo meno. Nyasi za Rhodes zilizokaushwa, au nyasi nyingine safi, hurudi kuwa sehemu kubwa ya mlo wake mara tu anapoweza kuzitafuna, na peleti hupunguzwa hadi kiasi kidogo cha siku.

Aliyesawazishwa magego hana uhakika kwamba ni mara ya mwisho. Mizizi ikiwa imepinda, ncha huota tena, na kwa baadhi yao kazi ileile hurudiwa kila baada ya wiki au miezi kadhaa maisha yote. Hata jino lililong'olewa laweza kuota upya iwapo chembe za mzizi zilibaki. Mwenye sungura huyajua hayo vizuri zaidi akiambiwa kabla ya upasuaji, ili apange gharama na muda wake, na ili siku akiona kidevu kimelowa tena asidhani kwamba alikosea mahali. Miadi ya kwanza ya kurudi kliniki kwa kawaida huwa baada ya siku chache, na ile karatasi ya juu ya banda, pamoja na madoa yake ya chakula, huenda na mgonjwa.