Fishie haifunguke: tufanye nini?

Ndugu wanamemba, wakati wa malipo ya kahawa, liste ya kilo isipofunguka kwa mnunuzi, pesa inachelewa. Mara nyingi fishie haikuharibika. Ni programu mbili tu hazisikilizane.

Tazama herufi za mwisho za jina lake. Word na Excel, tangu zile za 2007, zinaandika .docx na .xlsx, za zamani ziliandika.doc na .xls. LibreOffice, ile ya bure, inaandika .odt na .ods usipoichagulia ingine.

Fanya hivi:

1. Uliza kwanza: anayepokea iko na programu gani?
2. Katika LibreOffice, bonyeza «Fichier», kisha «Enregistrer sous», chagua .xlsx. Kama ordinateri yake ni ya zamani, chagua .xls. Kubadilisha herufi za jina kwa mkono tu hakusaidie.
3. Funga, fungua tena, linganisha jumla ya kilo na daftari ya depo.
4. Liste ya kutia saini, itume kwa PDF: mistari haihame.

Fishie ya kwanza usiifute. Na daftari ya karatasi ibaki: hesabu zikigombana, hiyo ndiyo shahidi wa mkulima.