Mama Akishatolewa Titi: Jinsi ya Kumtunza Nyumbani

Hukadiriwa kwamba kila mwaka wanawake zaidi ya 6,000 katika Kenya hupatikana na saratani ya titi, ambayo wengi wetu huiita kansa. Hakuna kansa nyingine iwapatayo wanawake wengi hapa nchini kuliko hiyo, na wake wa wakulima wa skimu, Kinangop, Mwea au Lugari, hawakuachwa nje.

Wengi hupasuliwa Nairobi, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta au nyingineyo. Wakitoka wodini hawarudi shambani mara moja. Hukaa kwanza kwa mtoto au ndugu katika mitaa ya Eastlands, kama vile Kaloleni, Umoja, Kayole au Dandora, wakingojea kuonwa tena na daktari. Watu hudhani kazi imekwisha. Sivyo. Daktari ameondoa titi lenye ugonjwa, lakini kunyosha mkono na kutuliza moyo ni kazi ya nyumbani.

Siku za kwanza

Chumba hata kikiwa kidogo, mgonjwa apewe kitanda chake. Asilalie upande uliopasuliwa, na mkono wake uwekewe mto mdogo. Akiwa na mrija utoao maji ya jeraha, usivutwe. Chupa yake imwagwe kama muuguzi alivyofundisha, na kipimo kiandikwe daftarini kila siku.

Asibebe ndoo ya maji wala mtoto kwa mkono ule mpaka daktari aseme. Katika matatu akae penye dirisha, upande wa jeraha uelekee dirishani, asije akasukumwa. Jeraha likiwa jekundu na la moto, likitoa usaha, au akishikwa na homa, arudi hospitali siku ile ile.

Mkono usilale

Siku inayofuata upasuaji aanze kufumba na kufumbua kiganja, kukunja kiwiko na kuzungusha mabega taratibu. Mrija ukishatolewa, na daktari akikubali, asimame mbele ya ukuta, apandishe vidole polepole, na kila siku ajaribu kupita alama ya jana. Asipofanya hivyo bega hukaza, na akirudi shambani hataweza hata kuanika nguo.

Tezi za kwapani zikiwa zimetolewa, mkono waweza kuvimba, hata baada ya miaka. Maji ya mwili hukosa njia, kama maji ya mfereji ulioziba. Basi avae glavu akikata majani ya ng'ombe, na mkwaruzo hata mdogo uoshwe kwa sabuni upesi. Akiona pete inabana au mkono ni mzito, aende hospitali mapema, asingoje uvimbe ukue.

Titi la uzi

Titi moja likiondoka, uzito wa mwili hauwi sawa, na wengine huumwa bega na mgongo. Titi la silikoni ni ghali. Huko Thika yuko mama fundi wa nguo, ambaye mwenyewe aliugua kansa hii. Yeye hufuma matiti ya uzi na kuwafundisha wenzake. Titi jepesi la namna hiyo, lililojazwa pamba laini, halisugui kovu. Lililo zito lingoje jeraha lipone kabisa, yaani wiki 6 hadi 8.

Wengine hushona kifuko na kukitia mtama au mchele ili kiwe na uzito. Yafaa, lakini mkulima anajua nafaka ikipata unyevu hufanya nini: huota ukungu na kuingia wadudu. Kifuko kiwe cha kufunguka, na nafaka ibadilishwe mara kwa mara. Sidiria pana ya pamba isiyo na waya hupatikana Gikomba. Ishonewe mfuko kwa ndani.

Moyo nao

Wako wasemao kwamba mgonjwa amerogwa, au kwamba kansa huambukiza. Yote mawili ni uongo. Mama aweza kula, kulala na kucheza na wajukuu kama zamani. Bwana asihame kitanda. Asimlazimishe mkewe kuonyesha kovu, na siku atakapoonyesha, asigeuze uso.

Jambo hili si dogo. Mama aliyevunjika moyo huacha kwenda kliniki, na huenda bado anahitaji dawa za kemo, mionzi, au vidonge vya kumezwa kwa miaka 5 au zaidi. Akiacha, ugonjwa hupata nafasi ya kurudi. Mjini Nairobi shirika la Faraja, lililoanzishwa mwaka 2010, huwapa wagonjwa na jamaa zao ushauri bila malipo. Tena mgonjwa amwombe muuguzi amkutanishe na mama mwingine aliyepita njia hiyo hiyo.

Mkulima, mkeo akiwa Eastlands, usitume fedha tu. Mwombe jirani akukamulie ng'ombe kwa siku mbili, uende ukamwone.