Banjo: Kwa nini uzi mmoja unaweza kuharibu wimbo mzima?

Mpiga fidla anataja herufi moja tu, "D", kisha anaanza. Mpiga banjo aliyekaa pembeni ana sekunde chache za kuamua nyuzi zake zikae vipi. Akikosea, atasikika mpaka mwisho wa wimbo, maana banjo haijui kunong'ona.

Hali hiyo ni ya kawaida kwenye mikusanyiko ya muziki wa jadi wa milima ya Appalachia, Marekani. Wapiga gitaa wengi hutyuni kwa namna moja na kuishi nayo miaka yote. Wapiga banjo ya nyuzi tano hukaza hapa na kulegeza pale kufuata wimbo unaopigwa.

Mzizi wa yote ni uzi wa tano. Huu ni mfupi kuliko wenzake, na kishikio chake kiko katikati ya shingo ya banjo. Kwa kawaida haubonyezwi. Hupigwa na kidole gumba tena na tena, ukitoa sauti ileile chini ya wimbo wote. Uzi huo ni urithi wa Afrika: banjo ilizaliwa mikononi mwa Waafrika waliopelekwa utumwani Amerika, na akonting, ala ya Wajola wa Senegal na Gambia, nayo ina uzi mfupi wa gumba.

Sasa, kama uzi huo unatoa G na wenzako wako kwenye A, kila pigo la gumba ni kosa. Kwa hiyo swali la kwanza si "tyuni ipi nzuri?" bali "fidla iko kwenye kii gani?"

Anayeanza hufundishwa G, D, G, B, D, ukihesabu kuanzia uzi wa tano. Piga zote bila kubonyeza popote, tayari una kordi kamili ya G. Ukibana kapo kwenye freti ya pili unapata A, ambako fidla hupiga nyimbo kama Cripple Creek.

Kwa wimbo wa D kama Soldier's Joy, wengi hutumia G, C, G, C, D, kisha kapo freti ya pili. Uzi mnene unakuwa nyumbani kwa wimbo, na vidole havihangaiki.

Lakini kapo haiugusi uzi wa tano, ambao nao lazima upande kutoka G hadi A. Ukiukaza kila mara, ipo siku utakatika. Dawa ya wengi inachekesha kidogo: vimisumari vya reli za treni za kuchezea, vinavyopigiliwa kwenye shingo ya banjo. Unausukuma uzi chini ya kimsumari cha freti ya saba, kazi imekwisha.

Kuna nyimbo ambazo hata kii ikiwa sahihi bado kitu kinakwaruza. Hizi ni zile za kale zisizo za furaha wala za huzuni kamili, mfano Shady Grove kama inavyopigwa na wengi milimani. Kinachokwaruza ni B ya uzi wa pili, yenye uchangamfu ambao wimbo hauutaki. Ipandishe nusu hatua tu iwe C, upate G, D, G, C, D, na banjo inageuka kuwa na sauti ya upweke. Wapigaji huiita Sawmill, na pengine ndiyo mabadiliko madogo yenye faida kubwa kuliko yote.

Kubadilisha kote huku kunakula muda. Ndiyo maana kundi likishaingia kwenye A, mara nyingi hubaki humo wimbo baada ya wimbo, na mwenye hamu ya D husubiri.