TUUZE VITU VIKUBWA KWA SIMU, LAKINI KWA AKILI

Siku hizi wananchi wengi wanauza vitu kwa simu. Mtu anapiga picha ya kabati, kitanda, makochi au jokofu. Anaiweka Facebook, Jiji, au katika kikundi cha WhatsApp. Zamani kabati lililotumika tulimwuzia jirani, tena kwa bei aliyoitaka yeye. Sasa mtu wa Vwawa anaweza kumpata mnunuzi wa Mlowo, Tunduma au hata Mbeya mjini.

Hilo ni jambo zuri. Lakini kabati si kuku. Halibebwi kwapani. Usipoandika vizuri, mnunuzi hatakuja. Usiposoma vizuri, kabati litaondoka na pesa hutaiona. Basi tufuate hatua hizi.

1. Tukubaliane nyumbani

Kitu cha nyumbani ni cha familia. Mume asiuze bila kumwambia mke, wala mke bila kumwambia mume. Pangeni pamoja bei na kazi ya pesa hiyo.

2. Tupime na kuandika ukweli

Chukua futi kamba. Pima kimo, upana na kina. Mnunuzi anataka kujua kama kitu kitapita mlangoni kwake. Piga picha mchana, kila upande, hata penye ubovu. Ukificha ubovu, mnunuzi atauona akifika, naye atashusha bei au ataondoka.

Someni tangazo hili:

"KABATI LA NGUO LINAUZWA. Mbao za mninga, milango 3. Kimo sentimeta 190, upana 150, kina 60. Limetumika miaka 6. Bawaba moja imelegea. Lipo Vwawa. Bei shilingi 250,000, maongezi yapo. Usafiri ni wa mnunuzi."

Usiandike namba ya nyumba wala siku ambazo haupo nyumbani. Wezi nao wanasoma.

3. Tuhesabu usafiri

Kutoka Vwawa hadi Tunduma ni karibu kilometa 40. Tuseme kirikuu inatoza shilingi 60,000, na wapakiaji 10,000. Tujumlishe:

Kabati 250,000
Kirikuu 60,000
Wapakiaji 10,000
Jumla 320,000

Kwako bei ni 250,000, lakini kwa mnunuzi ni 320,000. Kama Tunduma kabati jipya la namna hiyo ni 330,000, kwa nini aje Vwawa? Hapo punguza bei, au tafuta mnunuzi wa karibu. Na mnunuzi akitoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mkubaliane mapema kwamba malipo ni kwa shilingi.

4. Tuhakikishe pesa kabla ya kupakia

Hapa ndipo wengi wanapolizwa. Tapeli habishani bei. Anasema, "Nimeshatuma, nakutumia gari." Ujumbe unaingia, unafanana kabisa na wa pesa. Usifurahi bado. Tazama umetoka wapi: ukitoka kwa namba ya mtu wa kawaida, ni wa uongo. Halafu angalia salio lako mwenyewe. Kwa M-Pesa, piga *150*00#. Pesa isipoonekana kwenye salio, kabati lisitoke mlangoni, hata kama dereva anapiga honi.

Mwingine atasema, "Nimekosea, nimezidisha. Nirudishie 100,000." Usirudishe chochote. Mwambie apige namba 100, huduma kwa wateja, wao ndio watakaolishughulikia. Mwingine atakuomba umlipe dereva kwanza. Kataa. Anayeuza hatangulizi pesa. Na namba yako ya siri usimpe mtu yeyote, hata akisema anatoka kampuni ya simu.

Ujumbe wa utapeli usiufute. Utume kwenda namba 15040 ya TCRA. Kama umeshaibiwa, nenda polisi na simu yako. Utapeli huo ni kosa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

5. Tuandikiane

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni karatasi mbili: tarehe, kitu chenyewe, bei, majina na sahihi zenu. Mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji awe shahidi. Mnunuzi akiulizwa njiani, ataonyesha kwamba mzigo si wa wizi. Nawe ukidaiwa baadaye, unayo nakala yako.

Ndugu wasomaji, tulijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu ili vitufae maishani. Kazi hii inavitaka vyote vitatu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni maneno gani katika tangazo letu yanamsaidia mnunuzi wa mbali?
2. Kirikuu ikitoza 45,000, mnunuzi atalipa jumla ya shilingi ngapi?
3. Ujumbe wa pesa ukiingia, utafanya nini kwanza?