Milimita 67 Katika Njia ya Shaba

Je, wajua kwamba Dar es Salaam ina reli za vipimo vitatu, na behewa la moja haliwezi kupita juu ya nyingine? Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905, ina upana wa milimita 1,000. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ina 1,067. SGR, reli mpya ya umeme iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, ina 1,435.

Kati ya zile mbili za zamani kuna milimita 67 tu, kama upana wa vidole vinne. Kwa nini TAZARA haikufuata kipimo kilichokuwapo bandarini tayari? Jibu liko Zambia. Reli zake zilifuata kipimo cha Afrika Kusini, na shaba yake ilisafirishwa kupitia Rhodesia. Mwaka 1965 Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia, alipojitangazia uhuru wa walowezi, uchumi wa Rais Kaunda wa Zambia ukabaki mikononi mwa watu aliowapinga. Benki ya Dunia ilikuwa imeshakataa kugharimia reli ya kwenda Dar es Salaam, ikisema haitalipa. Kwa hesabu ya tani na nauli, hoja hiyo ilikuwa na uzito. Lakini Rais Nyerere wa Tanzania na Kaunda walikuwa wakitafuta njia ambayo adui hawezi kuifunga, na hiyo haina nauli.

China ilikubali kuijenga reli hiyo mwaka 1967, kwa mkopo usio na riba. Ujenzi ulianza 1970, na kufikia 1975 reli ya kilomita 1,860 ilikuwa imefika Kapiri Mposhi, Zambia. Wachina, ambao kwao hutumia 1,435, walitengeneza vichwa vya treni na mabehewa ya 1,067 ili yaingie Zambia moja kwa moja. Gharama ikaangukia upande wetu: kule Kidatu, mzigo wa Reli ya Kati unaokwenda TAZARA sharti uhamishwe kutoka behewa hadi behewa.

Rhodesia ilipopata uhuru na kuwa Zimbabwe mwaka 1980, njia ya kusini ikawa salama tena. TAZARA, iliyokusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka, haijawahi kufikia kiasi hicho. Mimi siiti hasara reli iliyoivusha Zambia katika miaka yake migumu.

Leo Marekani inaunga mkono njia ya reli ya Lobito, Angola, na China inataka kuifufua TAZARA. Zote zinaifuata shaba ileile. Reli ya Lobito nayo ina milimita 1,067. Kwa kipimo hicho, behewa lililopakiwa kando ya Atlantiki lingeweza kupita Kongo na Zambia hadi Dar es Salaam bila mzigo wake kuguswa.